Nyua Zilizoota Majani: Kutoka Kamembe hadi Bugarama

Kamembe iko juu kilimani. Cyangugu ya zamani imebaki chini, ukingoni kabisa, pale Ziwa Kivu linapofunguka na kuuachia Mto Rusizi uanze safari yake ya kwenda Tanganyika. Ng'ambo ni Bukavu, iliyojigawa juu ya rasi zake. Giza likiingia, taa za nchi mbili huwaka pamoja na mgeni hawezi kujua zipi ni za nani. Alfajiri akina mama hushuka darajani na vikapu vya nyanya, mboga na kuku, jioni wanapanda na vitenge. Biashara yote hiyo huendeshwa kwa Kiswahili, na kwa hiyo Bunge la Rwanda lilipokipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017, watu wa huku hawakushtuka. Soko lao lilikwisha kukipitisha zamani.

Mimi nilifika na njaa. Kamembe mwenye njaa huletewa sambaza, visamaki vya urefu wa kidole, vilivyokaangwa vikakauka hadi kichwa huliwa pamoja na mkia. Ndimu, chumvi, tone moja la pilipili ya mafuta, basi. Sambaza si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, kwa kuwa tumbo la maji la Kivu lilikuwa halina samaki wa kulifaidi, na sasa hakuna anayekumbuka kwamba ziwa liliwahi kuwa bila wao. Usiku wavuvi hutoka na mitumbwi iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, wakiimba ili wapige kasia kwa pamoja.

Kilichonileta, hata hivyo, ni miti. Nimekaa Masaka, Uganda, nikazoea mituba, ile miti ya jamii ya mkuyu ambayo Waganda huichuna gome wakatengeneza nguo. Kila niliposafiri Rwanda niliona mti unaofanana nao umesimama kwenye nyua za nyumba, na kila nilipouliza niliambiwa jina lingine: umuvumu. Wataalamu wanasema ni ndugu wawili. Mutuba ni Ficus natalensis, umuvumu ni Ficus thonningii. Mwenyeji wangu, mwalimu mstaafu wa biolojia ambaye njia nzima aliitwa Mwalimu hata na watu ambao hajapata kuwafundisha, alikuwa na mawazo tofauti.

"Ni mti mmoja huo, ndugu yangu," alisema huku akichagua sambaza wanene. "Umebatizwa mara mbili kwa sababu umevuka mpaka."

Nikatoa kijitawi cha mutuba nilichokikausha ndani ya daftari. Akakitazama, akakirudisha, akasema kesho tutakwenda Rwimbogo, huko nyua za zamani bado zipo, na mti utajisemea wenyewe.

Njia ya kushuka

Barabara ya Kamembe kwenda Bugarama hushuka kwa kona. Unaanzia kwenye baridi ya ziwa, mita zipatazo 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kila kona unavua kitu: kwanza koti, kisha sweta. Upande wa kulia bonde la Rusizi linaonekana na kupotea, na nyuma yake milima ya Kongo. Upande wa kushoto ni matuta, matuta, matuta: maharage, muhogo, migomba, na kwenye vichwa vya vilima misitu ya mikaratusi iliyopandwa kwa safu. Mikaratusi ililetwa na wamisionari mwanzoni mwa karne iliyopita. Inakua haraka na kuni zake ni nzuri, ila chini yake hapaoti kitu cha maana na ndege hawakai. Sina ugomvi nayo, lakini macho huchoka kuitazama.

Nchi hii yote jina lake la zamani ni Kinyaga. Wafalme wa Rwanda ya kati waliihesabu kuwa pembe ya mbali, na watu wake walitoka kila upande: wengine kisiwa cha Ijwi, wengine Bushi ng'ambo ya mto, wengine mashariki. Ni Kigeri Rwabugiri aliyeikaza mkononi katika nusu ya pili ya karne ya 19, maana alikuwa akipita huku na majeshi yake kwenda kuipiga Ijwi na Bushi. Katika safari ya mwisho ya namna hiyo, mwaka 1895, mauti yalimkuta. Mwaka uliofuata Wabelgiji wa Dola Huru ya Kongo waliwashinda wapiganaji wa Rwanda huko Shangi, kando ya ziwa, na muda si mrefu Wajerumani nao wakajenga kituo pale pale. Richard Kandt, daktari aliyekuja kutafuta chanzo cha Nile na baadaye akawa mwakilishi wa Ujerumani nchini, aliweka makazi yake ya kwanza huko huko Shangi.

Naileta historia hii kwa sababu ya miti. Mahali alipokaa mfalme wa Rwanda hapakubaki mawe wala kuta, kwa kuwa nyumba zilikuwa za miti na nyasi. Kilichobaki ni imivumu, yaani miti ya umuvumu. Nguzo za ua wa kifalme zilikatwa mbichi, zikachomekwa ardhini, zikashika mizizi. Mfalme akihama, nyumba ikaoza, ua ukaendelea kukua. Kichaka cha miti mikubwa ya namna hiyo Wanyarwanda hukiita ikigabiro, na hawakikati. Nilikuwa nimekipitia kimoja nikija kwa barabara ya ziwa, huko Rubengera, kinachohesabiwa kuwa cha Rwabugiri mwenyewe. Kwa hiyo anayetaka kujua wafalme hao walilala wapi asitafute magofu, atafute kivuli.

Mushaka

Mushaka ni kituo cha kushukia kwa anayekwenda Rwimbogo. Kuna parokia ya Kikatoliki, maduka, na waendesha pikipiki wanaongoja chini ya mti, kila mmoja na kofia ya pili ya abiria ikining'inia kwenye mkono.

Jina la Mushaka lilivuma kwa sababu ya Padri Ubald Rugirangoga. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, alianzisha hapa mafundisho ya miezi mingi kwa waliotoka magerezani: asiyekwenda kwa familia aliyoikosea akaungama na kuomba msamaha hakurudishwa kwenye komunyo, na walionusurika nao walikuwa na mafundisho yao. Parokia nyingine zikaiga. Alifariki Marekani Januari 2021. Mwalimu hakuongeza neno juu ya hayo, wala mimi sikumchokonoa. Tulinunua ndizi mbivu tukapanda pikipiki.

Rwimbogo

Ukiacha barabara kubwa, vumbi jekundu linaanza, na pamoja nalo nyua.

Nyumba ya zamani ya Kinyarwanda ilikuwa ndani ya ua wa mviringo, na neno urugo linashika vyote viwili, ua na familia iliyomo. Siku hizi nyumba nyingi zimesogezwa zikapangwa kando ya barabara katika vijiji, paa za bati, bila mviringo wowote. Lakini Rwimbogo, kwenye migongo ya vilima, bado utakuta boma lililozungushiwa miti hai: minyaa kwa wingi, maana maziwa yake makali huwafukuza mbuzi, hapa na pale umuko wenye maua mekundu, na kila baada ya hatua kadhaa umuvumu mnene unaoshikilia vyote.

Umuko, kabla sijaendelea. Ndio mti wa Ryangombe, shujaa wa ibada ya jadi iitwayo kubandwa. Simulizi linasema alikwenda kuwinda akipuuza maonyo ya mama yake, nyati akampiga pembe, na akafia kwenye mti huo. Waliotaka kuingia katika ibada yake waliwekwa wakfu chini yake. Wamisionari waliupiga vita mti huu kwa miaka mingi, na mti, kama unavyoona, haukusikia.

Boma tulilofikia lilikuwa la mukecuru mmoja, bibi mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mwalimu alisimama nje ya irembo, mlango wa ua, akabisha kwa salamu ndefu ya Kinyarwanda. Hakuingia mpaka alipojibiwa zote. Tukakalishwa kwenye mkeka, na hapakuzungumzwa miti hata kidogo kabla ya urwagwa. Pombe hiyo ya ndizi ilikuja katika kibuyu na mrija wa tete. Mwenye nyumba alionja kwanza, kisha Mwalimu, kisha mimi. Kuonja kwanza ni sheria: anayekukaribisha huonyesha kwamba alichokupa hakina sumu. Ni kali kidogo, ina harufu ya moshi, na nusu saa baadaye unagundua kwamba mteremko umezidi kuwa mkali.

Ndipo mukecuru akaulizwa kuhusu umuvumu wake.

"Aliyeupanda ni baba mkwe wangu," Mwalimu akanitafsiria. "Alikata tawi la unene wa mkono, akalichonga chini, akalichomeka mvua za Septemba zilipoanza. Hakuweka mbolea, hakumwagilia. Anasema mti huu hauombi kitu ila kusimamishwa wima."

Hapo ndugu hawa wawili hawatofautiani hata kidogo. Mutuba wa Masaka nao hupandwa kwa kigingi. Yote miwili porini huanza maisha angani: ndege hula tunda, hudondosha mbegu kwenye panda la mti mwingine, mche ukateremsha mizizi hadi chini, na taratibu ukamzunguka mwenyeji wake mpaka akafa ndani ya kumbatio. Yote hutoka utomvu mweupe ukiichubua. Yote ina gome laini la kijivu. Ukisimama mbali na kuniambia nichague, sitachagua.

Kwa hiyo nilisogea. Majani kwanza. La mutuba, nililokuwa nalo katika daftari, ni pana zaidi kuelekea nchani, na ncha yake ni butu ya mviringo. Mshipa wa kati unaanza na nguvu kisha unajigawa na kupotea kabla haujafika mwisho. La umuvumu wa mukecuru lilikuwa jembamba zaidi, pana katikati, mshipa ukienda moja kwa moja hadi nchani. Nikaanza kufurahi. Mwalimu akavuta tawi la upande wa pili wa mti ule ule, akanionyesha jani pana lenye ncha butu. Akavuta la tatu, halikufanana na la kwanza wala la pili. "Sasa?" akauliza. Umuvumu una tabia hiyo. Umetapakaa karibu Afrika nzima kusini mwa Sahara na kila mahali huvaa majani upendavyo, kiasi kwamba wataalamu wameshaupa majina mengi, wakayakusanya kuwa moja, kisha wengine wakayatoa tena. Mholanzi Cornelis Berg, aliyeandika sehemu ya jamii hii katika kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki kilichotoka mwaka 1989, alikuwa wa kundi la wakusanyaji.

Ikabidi twende kwenye tunda.

Kuyu la miti hii ni dogo, sentimita moja hivi, na huota mawili mawili kwenye kwapa la jani. La mutuba lina kikonyo, yaani huning'inia kidogo. La umuvumu wa mukecuru lilikuwa limekaa juu ya tawi bila kikonyo chochote. Nikaweka hoja yangu mezani: hiki kinaning'inia, hiki kimekaa. Mwalimu hakubisha. Alitoka nje ya ua, akapotea nyuma ya migomba, akarudi na kitawi kutoka umuvumu wa jirani. Makuyu yake yalikuwa na vikonyo vifupi.

Mukecuru alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa hafahamu ubishi wenyewe, lakini alifahamu nani ameshinda.

Alichokifanya Mwalimu baadaye ndicho kilichonifanya nimheshimu. Alitoa kioo chake cha kukuzia, kile cha shuleni chenye mpini wa plastiki, akanipa. "Acha kikonyo. Tazama linapokalia." Chini ya kila kuyu, pale linaposhikana na tawi au na kikonyo chake, kulikuwa na vijigamba viwili, vingine vitatu, vidogo, vya rangi ya kahawia, vimelikumbatia tunda. Kwenye kuyu la mukecuru vilikuwepo. Kwenye kuyu la jirani lenye kikonyo vilikuwepo pia, hata kwenye yaliyoiva. Kwenye mutuba wangu mkavu hapakuwa na kijigamba hata kimoja, ila kovu la mahali vilipokuwa. Mutuba hudondosha vijigamba vyake tunda likiwa bado changa. Umuvumu huvitunza hadi mwisho. Kikonyo kinaweza kukudanganya na jani litakudanganya kwa hakika, lakini vijigamba hivyo ndivyo vinavyoaminiwa na wanaoijua miti hii.

"Kwa hiyo si mti mmoja," nikasema.

"Nilitaka uutazame," akajibu, na mpaka leo sijui kama alikuwa anajua tangu Kamembe.

Jambo hili si la Afrika pekee. Ulaya kuna mti ambao nao hupandwa kwa ajili ya nyua, Carpinus betulus, na ndugu yake wa kusini mashariki, Carpinus orientalis. Kwa mbali unaweza kuwachanganya hao nao. Ukitaka uhakika unaangalia kijijani kinachoshika mbegu. Cha wa kwanza kimegawanyika sehemu tatu, cha wa pili ni kimoja chenye meno pembeni. Inaelekea maumbile hupenda kuweka saini yake mahali ambapo mtu lazima ainame.

Nikapasua kuyu moja bichi kwa kisu. Ndani hamna nyama kama ya embe. Ni mamia ya maua yaliyopangwa ukutani yakitazama ndani, maua ambayo jua halijapata kuyaona. Kwenye tundu dogo la nchani huingia nyigu jike mdogo kuliko punje ya ulezi. Tundu ni finyu hata mabawa yake hung'oka njiani. Huleta chavua, hutaga mayai, hufia humo. Madume huzaliwa bila mabawa, hupanda majike, hutoboa njia ya kutokea, na wao hawatoki. Majike hutoka na chavua mpya kwenda kutafuta mti mwingine. Kila aina ya mkuyu ina nyigu wake, ingawa kwa ndugu wa karibu kama hawa uaminifu huo si wa kuapia. Nilimweleza mukecuru kupitia kwa Mwalimu. Alisikiliza kwa makini, akatema mate pembeni, akasema ndiyo maana watoto hukatazwa kuyala.

Tulipewa chakula: ugali wa muhogo, isombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa laini, maharage. Wenyeji wa zamani hawakupenda kuonekana wakila mbele ya mgeni, na mukecuru alitupa mgongo kwa heshima hiyo hiyo, akala peke yake karibu na jiko.

Nikamuuliza kuhusu nguo. Wanyarwanda pia walivaa gome la umuvumu, wakiliita impuzu, pamoja na ngozi. Yeye hakuivaa, bibi yake ndiye aliyeivaa, naye alikuta mabaki ya kutandika. Marikani, kile kitambaa cheupe cha wafanyabiashara kutoka pwani, na kisha vitambaa vya madukani, viliimaliza haraka huku Rwanda. Buganda ni tofauti. Kule Masaka na Mpigi nimeona kazi hiyo ikifanywa: fundi anaparua ngozi ya juu ya mutuba, anakata duara juu na duara chini, anapasua mstari mmoja wa wima, kisha anachomeka kipande cha shina la mgomba na kulivua gome lote zima. Mti ulio uchi hufungwa majani ya mgomba mara moja kabla jua halijaupata, na baada ya mwaka huwa na gome jingine. Gome huchemshwa, kisha hupigwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kwanza mifuo mipana, mwisho ile myembamba, mpaka kipande chembamba kinapanuka na kuwa shuka. Likianikwa juani hupata rangi ya udongo wa kuchoma. Ukoo wa Ngonge ndio wenye kazi hiyo katika ufalme wa Buganda, na wafu huzikwa wakiwa wameviringishwa humo hata leo. UNESCO iliitambua kazi hiyo mwaka 2005.

Mukecuru alitaka kujua bei. Nilipomtajia, alikwenda akaugonga umuvumu wake kwa ngumi, akausikiliza, akarudi kukaa. Mwalimu alikataa kunitafsiria alichokisema.

Mibirizi

Kesho yake tulivuka kwenda Mibirizi, katika tarafa jirani ya Gashonga. Misheni ya Mapadri Weupe iliwekwa hapo mwaka 1903, na kwa kawaida huelezwa kwamba kahawa ya kwanza ya Rwanda ilipandwa hapo mwaka uliofuata. Hadi leo kuna aina ya mbuni wa arabika inayoitwa Mibirizi.

Nilitegemea kuona mbuni chini ya kivuli, kwa kuwa huko Masaka kahawa, mgomba na mutuba hukaa pamoja, na mutuba ndiye mwenye dari. Hapa mibuni ilisimama juani peke yake, safu kwa safu, chini imetandikwa nyasi kavu hadi kwenye vifundo vya miguu. Ndivyo utawala wa Kibelgiji ulivyowalazimisha wakulima: mbuni mbali na migomba, matandazo kila msimu, na atakayekosa anaadhibiwa. Umuvumu ukabaki kwenye ua na haukupata kuingia shambani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko vijigamba vyote. Mutuba ulipewa kazi ya shamba na kazi ya nguo, ukatunzwa kwa zote mbili. Umuvumu ulipopoteza kazi ya nguo ulibakiwa na ua tu, na sasa ua nao unakwenda.

Kahawa yenyewe tulikunywa. Ni nzuri, ina uchachu wa chungwa. Waliotukaribisha walikunywa chai ya maziwa.

Cyamudongo

Siku ya Cyamudongo ilikuwa ya mvua na sina mengi ya kuisemea. Ni kipande cha msitu kilichoachwa peke yake juu ya milima, mashamba yakikizunguka pande zote hadi kwenye vigingi vya mpaka. Ni sehemu ya Hifadhi ya Nyungwe, na Nyungwe ilipoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2023, kipande hiki kiliingia nayo. Kuna sokwe humo. Sisi tulisikia mmoja akipiga kelele upande wa bondeni, basi.

Ila nilipata nilichokitaka. Kwenye mti mmoja mkubwa, kama mita 15 juu, mkuyu wa porini ulikuwa umeanza kazi: mizizi yake ilishuka kando ya shina la mwenyeji, mingine bado haijagusa ardhi, inacheza na upepo. Ni wa aina gani, mwongozaji wetu hakujua, na makuyu yake yalikuwa juu mno kwa kioo cha Mwalimu. Sokwe huyala makuyu hayo wakati matunda mengine hayapo, maana mikuyu haina msimu mmoja. Mti mmoja ukiisha mwingine unaiva.

Bugarama

Bugarama ni joto. Uwanda huu, pale Rusizi inapoiacha Rwanda, ndio mahali pa chini kuliko pote nchini, mita kama 950. Mpunga umeenea kijani hadi kwenye miguu ya milima ya Burundi na Kongo, na hewa ina harufu ya tope. Misikiti ipo, Kiswahili kiko kila mdomoni, pilau inapikwa na mchele wa hapo hapo. Nilikula sahani mbili. Kwenye Amashyuza, chemchemi za maji moto, watu wazima walikaa ndani ya maji hadi shingoni wakizungumza habari za mazao, na mzee mmoja alinihakikishia kwamba yanatibu mgongo, macho na madeni.

Kiwanda cha saruji cha Muganza kinaonekana kutoka mbali, na mazao yake yanaonekana karibu zaidi: kila nyumba mpya ina ukuta wa matofali. Mafundi wanajenga haraka. Ua wa miti unachukua miaka, ukuta unachukua wiki, na hauhitaji kupogolewa.

Karibu na stendi tulikuta ukuta wa namna hiyo ukijengwa, na katikati ya mstari wake umuvumu mnene. Nikatazama makuyu: vijigamba vipo. Fundi alikuwa amefika kwenye shina akasimama, upande huu na upande ule, amebakiza pengo la upana wa mti.

"Mizizi itaupasua huu ukuta," Mwalimu alimwambia mwenye nyumba. "Mngeukata."

"Mzee, nikiukata mpaka wangu nitauonyesha kwa nini?" Mwenye nyumba alimwelekeza fundi kwa kidole. "Jirani ana karatasi, mimi nina karatasi, na karatasi zetu hazipatani. Mti huu aliuchomeka babu yangu, babu yake akishuhudia. Acha ukuta upasuke."

Fundi akauliza basi pengo alizibe na nini. Wakaanza kubishana juu ya wavu na mabati, na Mwalimu, ambaye hakuwa ameulizwa, akajiunga nao.